Sikio Limeziba kwa Nta: Pamba, Matone, Maji au Mashine ya Kunyonya?

Baba yangu ana kisukari, mimi sina. Mwaka jana nta iliziba sikio langu la kulia, na miezi michache baadaye ikaziba yake yote mawili. Maji yaliyonifungua mimi, daktari aliyakataa katakata kwa baba. Ndipo nilipoelewa kwamba swali tunaloulizana mitaani, "njia gani nzuri ya kutoa uchafu wa masikio?", halina jibu mpaka mtu atazame kwanza ndani ya sikio lenyewe na aulize habari za mwenye sikio.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mkazi mwenzangu wa Dar es Salaam aliyesimama dukani Tabata au Mbagala, pakiti ya pamba za masikio mkononi, hajui anunue au aende hospitali. Nitazipanga njia zote kwa kipimo kimoja: je, anayetoa nta anaona anachokifanya, au anapapasa gizani? Kwa maoni yangu bei, muda na maumivu vyote vinakuja baada ya hapo.

Kwanza, kuna haja ya kutoa?

Tumelelewa kuamini kwamba sikio lenye nta ni sikio chafu. Mama zetu walitushika vichwa, wakapitisha kona ya kanga iliyoloweshwa kwenye mikunjo ya sikio, nasi tukalia. Ile kona ya kanga ilikuwa salama kuliko vijiti tunavyonunua leo, kwa sababu ni nene na haikupita mlangoni.

Nta hutengenezwa na tezi zilizoko theluthi ya nje ya njia ya sikio, kisha huchanganyika na seli za ngozi zilizokufa. Inanasa vumbi, inazuia maji yasilowanishe ngozi laini ya ndani, na kwa kuwa ina asidi kidogo inawapa bakteria na ukungu wakati mgumu. Katika jiji lenye joto na unyevu kama letu, ukungu wa masikio si mgeni. Anayekwangua nta yake yote kila asubuhi anaondoa kinga aliyopewa bure.

Tena sikio hujisafisha. Ngozi ya ndani husogea polepole kutoka kwenye ngoma ya sikio kuelekea nje, ikibeba nta juu yake, na kila unapotafuna au kuongea taya husaidia kuisukuma. Ikifika nje inakauka na kudondoka, au unaifuta kwa taulo baada ya kuoga. Rangi nayo isikutishe. Wengi wetu Waafrika tuna nta mbichi ya kahawia inayonata, wakati watu wengi wa Asia ya Mashariki wana nta kavu ya kijivu yenye magamba. Tofauti hiyo inatokana na jeni inayoitwa ABCC11, haihusiani na usafi wa mtu.

Kwa hiyo kama unasikia vizuri, huumwi, sikio halijajaa wala halilii, chaguo bora kuliko yote haya ni kuliacha. Nasema hivi kwa sababu nimewaona watu wakilipa pesa kuoshwa masikio mazima, kama vile gari linavyopelekwa kuoshwa.

Haja inakuja pale nta inapokwama. Hukwama zaidi kwa wazee, maana kwao nta hukauka na nywele za sikio huongezeka. Hukwama pia kwa wenye njia nyembamba za masikio, kwa wanaovaa shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia), na kwa wanaochokonoa. Dalili zake ni sikio kujaa, kusikia kama uko ndani ya pipa, mlio usiokwisha, muwasho, wakati mwingine kizunguzungu. Wapo hata wanaokohoa bila mafua, kwa sababu mshipa wa fahamu unaohudumia njia ya sikio unaungana na ule wa kooni. Mimi yangu ilianza Jumapili niliporudi kuogelea Kigamboni. Nta ikilowa huvimba, na njia iliyokuwa imebaki tundu dogo tu ikafungwa kabisa. Kesho yake kwenye daladala konda alinidai nauli mara tatu, sikumsikia, mpaka abiria wa pembeni akanigusa bega.

Lakini hapa nisimame kidogo, kwa sababu ndipo kosa kubwa linapofanyika. Sikio likizima ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, si lazima iwe nta. Upo uziwi wa ghafla unaotokana na sikio la ndani, nao unahitaji matibabu ya haraka. Kila siku inayopita inapunguza nafasi ya usikivu kurudi. Mtu anayekaa wiki mbili akidondoshea mafuta sikio ambalo ndani halina nta hata kidogo anapoteza siku hizo. Kadhalika ukiwa na maumivu makali, usaha, damu, homa, au uso umelegea upande mmoja, usilinganishe njia za kutoa nta. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Njia za gizani

Naziweka pamoja pamba za masikio, njiti ya kiberiti, pini ya nywele, kifuniko cha kalamu, ufunguo, na lile unyoya la kuku ambalo wazee wetu wanalipenda sana wakikaa barazani. Najua utamu wake. Njia ya sikio ina mishipa mingi ya fahamu, ndiyo maana mtu hufumba macho akichokonoa. Lakini urefu wake kwa mtu mzima ni kama sentimita mbili na nusu tu, na mwisho wake kuna ngoma nyembamba. Kijiti cha pamba ni kirefu kuliko hapo, na kichwa chake karibu kinalingana na upana wa njia yenyewe. Kwa hiyo kile kidogo cha kahawia unachokiona kwenye pamba na kufurahia ndicho kilichokuwa njiani kutoka. Kilichobaki umekishindilia ndani, mahali ambapo ngozi haiwezi tena kukirudisha.

Daktari aliponitazama mara ya kwanza aliniuliza, "Dada, unatumia pamba kila siku?" Nikamuuliza amejuaje. Akasema nta yangu ilikuwa imebanwa mbele ya ngoma kama kizibo, bapa upande wa nje.

Saluni za kiume nyingi hapa mjini, ukimaliza kunyoa, kijana anakupitishia pamba masikioni bila kuuliza. Anafanya kwa wema, ni sehemu ya huduma. Mwombe afute nje tu. Mtu mwingine akikushikia kijiti hasikii maumivu yako, na kiti cha saluni kikigongwa kidogo, mkono unateleza.

Kuna mambo mawili mapya zaidi. Mishumaa ya masikio, ile mirija ya kitambaa chenye nta ya nyuki inayowashwa ncha moja huku nyingine iko sikioni, haivuti chochote. Majivu ya kahawia yanayobaki ndani ya mrija ni mabaki ya mshumaa wenyewe. Chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani kiliwashauri watu waziwazi, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, wasiitumie, na walioitumia wamewahi kuungua na hata kutobolewa ngoma. Cha pili ni vile vijiko vyenye kamera vinavyounganishwa na simu. Utasema, hapa si mtu anaona? Anaona, lakini picha ya bapa haikuambii ngoma iko umbali gani, mkono wako mwenyewe umepinda kwenda kwenye sikio lako, na simu inachelewesha picha kidogo. Kwa kutazama tu, sina ugomvi navyo. Kwa kuchimba, hapana.

Matone ya nyumbani

Hii ndiyo njia pekee ya nyumbani ninayoiunga mkono, kwa mtu ambaye ngoma yake ni nzima, hana maumivu wala usaha, na hajawahi kufanyiwa upasuaji wa sikio. Ni rahisi, haina kifaa kinachoingia ndani, na mara nyingine inamaliza kazi peke yake. Hata isipomaliza, inamrahisishia mtaalamu.

Duka la dawa litakupa chaguo tatu hivi: mafuta ya zeituni, matone ya sodiamu baikabonati, au ya haidrojeni peroksaidi. Nilitarajia moja liwe bora kuliko mengine, hasa lile la bei kubwa. Tafiti zilizolinganisha matone haya hazijaonyesha mshindi. Hata maji yenye chumvi yamefanya kazi kwa kiwango kinachokaribiana na dawa za chupa ghali. Kwa hiyo pesa yako isiondoke kwa ajili ya jina kwenye lebo. Tofauti unayoweza kuihisi ni hii: peroksaidi inachemka na kutoa povu sikioni, wengine huwashwa nayo; baikabonati inaweza kuikausha ngozi ukiitumia siku nyingi; mafuta ya zeituni ni ya upole zaidi, ila yanateleza na kuchafua mto.

Namna ya kutumia ni muhimu kuliko aina. Pasha chupa kwa kuishika kiganjani dakika chache, usiweke jikoni. Lala ubavu, sikio lililoziba likiwa juu, vuta sikio kidogo kuelekea nyuma na juu ili njia inyooke, dondosha matone mawili hadi matatu, kisha tulia hivyo dakika tano. Fanya mara mbili kwa siku kwa siku tatu hadi tano. Usizibe kwa pamba, kwa sababu pamba inayanyonya mafuta uliyonunua.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema: siku ya pili sikio linaweza kuziba zaidi. Nta inanyonya umajimaji na kuvimba kabla haijalainika. Nilidhani nimejiharibu. Kama ni kujaa tu bila maumivu, endelea. Ukisikia maumivu, moto, au ladha ya dawa kooni, acha mara moja. Dawa kufika kooni ni ishara kwamba ngoma ina tundu.

Na tafadhali, si kila kioevu ni matone. Mafuta ya taa, maji ya kitunguu, mafuta ya kupikia yaliyopashwa jikoni, hata mkojo, bado vinapendekezwa na majirani wenye nia njema. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi ya sikio. Mafuta ya moto yanaunguza hata ngoma.

Maji na kunyonya, ana kwa ana

Matone yakishindwa, ndipo uchaguzi wa kweli unaanza, kwa sababu sasa unalipa mtu na unampa sikio lako. Nimepitia njia ya kwanza mwenyewe, mara mbili, na nimekaa pembeni ya baba akipitia ya pili.

Kuosha kwa maji kunaeleweka kirahisi. Maji ya uvuguvugu yanapulizwa kwenye ukuta wa juu wa njia ya sikio, siyo moja kwa moja kwenye ngoma, yanazunguka nyuma ya nta na kuisukuma nje. Joto la maji ndilo siri yote. Yanatakiwa yawe sawa na joto la mwili, kama nyuzi 37. Yakiwa ya baridi au ya moto, viungo vya mizani vilivyo sikio la ndani vinachanganyikiwa, na dunia inazunguka.

Hilo nalijua kwa mwili wangu. Mara ya kwanza niliingia zahanati moja iliyokuwa karibu na kazini. Hakuna aliyetazama ndani ya sikio langu, wala kuniuliza kama liliwahi kutoka usaha utotoni. Mhudumu alivuta maji ya bomba kwenye sindano kubwa akapuliza. Nilishika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili, nikatapika kwenye ndoo, na nta haikutoka. Niliondoka nikiwa nimelipa, sikio limeziba vile vile, na hofu juu yake.

Mara ya pili nilikwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Aliniwekea kitochi cha kuangalia sikio, akatazama pande zote mbili, akasema ngoma hawezi kuiona kwa sababu nta imeifunika, kwa hiyo ataniuliza maswali: uliwahi kutokwa usaha? Uliwahi kupigwa kofi kali la sikio? Kupasuliwa? Una sukari? Unasikia vizuri sikio la pili? Baada ya majibu ndipo akanirudisha nyumbani na mafuta ya zeituni kwa siku tano. Niliporudi, maji yalikuwa ya uvuguvugu, mashine ndogo ilikuwa inapuliza kwa mapigo madogo yenye nguvu inayopimwa, na kila baada ya muda alisimama kutazama tena. Kizibo kilitoka kizima kikaanguka kwenye kibeseni, cheusi, kikubwa kama punje ya mahindi. Nilisikia feni ya dari. Nilikuwa nimesahau kwamba feni ina sauti.

Kwa hiyo maji yenyewe hayana kosa. Mkono na jicho la anayeyapuliza ndivyo vinavyotofautiana. Hata hivyo kifaa nacho kina uzito wake: Uingereza, mwongozo wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, unawataka wahudumu wasiwaoshe tena watu wazima kwa sindano kubwa ya mkono, kwa sababu nguvu ya maji yake haina kipimo. Unapendekeza mashine ya umeme yenye kudhibiti nguvu, au kunyonya. Ukiambiwa utaoshwa, uliza kwa heshima wanatumia kifaa gani.

Sasa kunyonya. Mgonjwa analala au anakaa kwenye kiti kinacholazwa, mtaalamu anatazama kwa hadubini iliyosimama au miwani ya kukuza, na kwa mkono mwingine anaingiza mrija mwembamba wa chuma unaonyonya nta kidogo kidogo. Macho yake hayaondoki kwenye nta tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna tone la maji linaloingia. Hapo ndipo njia hii inapozipita zote: mwenye ngoma iliyotoboka, aliyefanyiwa upasuaji wa sikio, mwenye usaha unaohitaji kusafishwa, wote hawa maji ni hatari kwao, kunyonya kunawafaa.

Na mwenye kisukari. Daktari alimweleza baba kwa utulivu: "Mzee wangu, maji yakibaki ndani na ngozi ikiwa na mchubuko, kwa mwenye sukari maambukizi yanaweza kushuka mpaka kwenye mfupa. Sitaki tubahatishe." Ugonjwa huo ni nadra, lakini ni wa hatari kweli, na huwashika zaidi wazee wenye kisukari na watu ambao kinga yao imeshuka. Baba alijibu, "Fanya unavyoona, mwanangu," na kwa mara ya kwanza nikamwona ametulia.

Kunyonya kuna mabaya yake, nisiyafiche. Kuna kelele. Mrija ukikaribia ngoma unavuma kwa nguvu ndani ya kichwa, na mwenye mlio wa masikio wa muda mrefu anaweza kuona mlio umezidi kwa muda. Hewa inayopita inapoza sikio, kwa hiyo kizunguzungu kidogo kinawezekana hapa pia. Unatakiwa utulie bila kutikisa kichwa, na mtoto mdogo mwenye hofu hawezi. Vifaa ni ghali, kwa hiyo sehemu zenye huduma hii ni chache kuliko za maji na malipo huwa juu zaidi. Baba aliomba apumzike mara mbili. Mtaalamu alisimama mara zote mbili bila kunung'unika, na nadhani mtaalamu asiyekubali kusimama ukimwinulia mkono hafai, hata awe na mashine gani.

Ipo njia ya tatu ya kitaalamu isiyotajwa sana: kutoa kwa mkono, kwa kijiko kidogo cha chuma, kitanzi au ndoano butu, chini ya mwanga mkali. Utasema si ni kama pini tu? Hapana, kwa sababu daktari anaona ncha iko wapi, na kifaa kimetengenezwa kiwe nyuma ya nta kisha kiivute nje. Kwa nta ngumu iliyo karibu na mlango, ni ya haraka kuliko zote na haihitaji umeme. Ubaya wake ni kwamba kila kitu kinategemea mkono wa mtu. Mimi ningeikubali kwa bingwa wa masikio, nisingeikubali kwa mtu asiye na taa kichwani.

Basi uchague ipi

Kama u mzima, ngoma haina historia ya kutoboka, na nta si ya miaka mingi: anza na matone siku tano, kisha kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na mtu aliyekutazama kwanza. Ni nafuu, na kwa wengi inatosha. Sioni sababu ya kwenda moja kwa moja kwenye kunyonya eti kwa kuwa ni mashine mpya.

Kama una kisukari, kinga dhaifu, sikio lililowahi kutoa usaha au kupasuliwa, au kama sikio hilo ndilo pekee unalosikilizia, tafuta kunyonya au kutolewa kwa mkono na bingwa, hata kama ni kusubiri wiki zaidi. Hapa sina shaka hata kidogo. Sikio lako la pekee likiharibika, hakuna la akiba.

Watoto ni habari nyingine. Mara nyingi kinachoziba sikio la mtoto si nta bali kitu alichokiingiza. Shanga, harage, punje ya mahindi. Harage usilipulizie maji, litavimba na kukwama. Betri ndogo ya saa au ya mdoli ni dharura, inaunguza ndani ya saa chache; usidondoshe kitu chochote, kimbia hospitali. Mdudu aliye hai anayetambaa na kumliza mtoto usiku ndiye pekee anayestahili matone machache ya mafuta ya uvuguvugu nyumbani ili afe, kama mtoto hana tundu wala mirija iliyowekwa na daktari kwenye ngoma, kisha kesho asubuhi atolewe na mtaalamu.

Wapi, hapa Dar

Huhitaji kuanzia juu. Zahanati au kituo cha afya chenye kitochi cha sikio na mtu anayejua kukitumia kinaweza kukuambia kama ni nta au la, na hilo ni nusu ya safari. Baada ya hapo zipo hospitali za rufaa za mkoa: Amana kwa watu wa Ilala, Temeke, na Mwananyamala kwa watu wa Kinondoni. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga na Mloganzila, ndiko kwenye mabingwa wa masikio ambao hata upasuaji wa kupandikiza vifaa vya usikivu wanaufanya, kwa hiyo nta peke yake haina haja ya kukufikisha huko isipokuwa umepewa rufaa. Kliniki binafsi za masikio nazo zipo katikati ya jiji na maeneo ya Kinondoni; wengi wanapokea kwa miadi, na huko ndiko baba alikonyonywa.

Piga simu kabla ya kupanda daladala. Waulize: mnatazama sikio kabla? Mnatoa kwa maji, kwa mkono au kwa kunyonya? Anayetoa ni daktari, muuguzi au mtaalamu wa usikivu, na amefundishwa kazi hiyo? Bei mliyonitajia ni ya sikio moja au yote mawili, na ada ya kumwona daktari imo? Swali la mwisho lilituokoa, maana sehemu moja walitutajia bei nzuri ambayo ilikuwa ya sikio moja na bila kumwona daktari. Kama unatumia bima, uliza mapema kama huduma hiyo inataka rufaa, usije ukagundua dirishani.

Kingine kidogo: usiende peke yako kwa pikipiki yako mwenyewe. Kizunguzungu kikikushika baada ya kutolewa nta, barabara ya Morogoro saa kumi na moja jioni si mahali pa kukitulizia. Kaa robo saa pale pale, kunywa maji, ndipo utoke. Siku kadhaa za mwanzo kinga sikio maji unapooga, kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando na kuwekwa mlangoni tu, na ufukwe uusubirie wikiendi nyingine. Likianza kuuma au kutoa majimaji, rudi.

Baba sasa anavaa shimesikio upande wa kushoto, na vifaa hivyo huchangia nta kujikusanya, kwa hiyo ameambiwa arudi kutazamwa kila baada ya miezi sita hata kama hana dalili. Ameandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Unyoya wa kuku aliokuwa akiuchomeka kwenye dari ya baraza aliutoa mwenyewe, bila mtu kumwambia.